Bunduki ya Mama Futi

Nguruwe pori walikwishamaliza nusu ya mahindi yake, na bado watu walimshauri agonge madebe. Aligonga madebe mpaka yakatoboka. Akatundika mashati ya marehemu mumewe mitini, akamwaga pilipili mpakani. Nguruwe wakanusa pilipili, wakapiga chafya, wakaendelea kula. Ndipo fundi cherehani huyu, mjane wa miaka hamsini na mmoja, mfupi wa kimo lakini si wa maneno, alipoamua kununua bunduki ya marisau. Mtaani walimwita Mama Futi kwa kuwa ile futi ya kupimia nguo haikumtoka shingoni hata akienda msibani.

Kibali cha kununua kilimtoa jasho miezi saba; mahindi yaliyobaki yakavunwa, mengine yakapandwa, na nguruwe wakarudi wakala nusu tena. Ofisi hii ilimtuma ile, na ile ikamrudisha hii. Mwisho akapewa karatasi yenye jina lake kwa herufi kubwa: bunduki moja ya mtutu mmoja, inunuliwe ndani ya siku thelathini, ikipita hapo aanze upya. Siku ishirini na tisa zilikwisha akiwa ameinamia cherehani, anashona sare za shule ili fedha itimie. Ya thelathini akaingia dukani.

Duka lilitaka mnunuzi aje na shahidi wa ukoo. Katika ukoo mzima, aliyekuwa hana kazi siku hiyo, na siku nyingine zote, ni shemeji yake, mdogo wa marehemu. Huyu aliitwa Sajini. Aliwahi kulinda ghala la saruji miezi minne, na tangu hapo hakuna silaha ambayo hakujidai kuijua.

“Natafuta ya mtutu mmoja, nyepesi, hata kama imetumika,” Mama Futi alimwambia muuzaji.

Muuzaji, mzee wa miwani minene, akamgeukia Sajini. “Nikupe ya mitutu miwili, bosi, au ya kukoki?”

“Lete ya kukoki niione.”

“Kibali kinasema mtutu mmoja,” Mama Futi alisema. “Na hela ninayo mimi.”

“Shemeji, tulia kwanza tuangalie mzigo.”

Wakauangalia mzigo saa nzima. Sajini alifumba jicho hili, akafumba lile, akalenga kalenda ya ukutani. Mama Futi akiuliza bunduki fulani ina uzito gani, muuzaji alimjibu Sajini. Akiuliza bei, bei alitajiwa Sajini, ambaye mfukoni hakuwa na hata nauli ya kurudi. Damu ilimchemka mama wa watu, lakini alijikaza. Akigombana na muuzaji huyu, mwingine atampata wapi kabla ya jioni?

Hatimaye akapewa mojawapo ajaribu. Kitako chake kilikuwa kirefu mno. Alipokiweka begani, kidole kilikigusa kifyatulio kwa shida.

“Utaizoea,” muuzaji alisema.

Neno hilo lilimpalia. Miaka thelathini ya kushona, hajawahi kumwambia mteja atauzoea mkono wa shati. Akaivua futi shingoni, akajipima kutoka kwenye kiwiko hadi kidoleni, kisha akapima kitako kimoja baada ya kingine. Vyote vilichongwa kwa watu wa kimo cha Sajini. Kwenye kona ya mwisho tu, nyuma ya ndoo, akakuta bunduki kuukuu iliyokatwa kitako na mwenyewe wa zamani, ikabandikwa kipande cha mpira. Akaiinua, ikamkaa begani barabara.

“Nachukua hii.”

“Hiyo ina kilema, mama. Ndiyo maana bei iko chini.”

“Kilema chake ndicho kimo changu.”

“Watu watanicheka nikiibeba hiyo,” Sajini alinung'unika.

“Nani kakwambia utaibeba wewe?”

Akalipa, na kwa mara ya kwanza tangu nguruwe waingie shambani akajisikia mwepesi. Furaha hiyo ndiyo iliyomponza. Badala ya kusimama mezani karatasi zikiandikwa, alichuchumaa sakafuni na futi yake kuipima bunduki, mtutu kiasi gani, kitako kiasi gani, kwa sababu alitaka akifika nyumbani aishonee mfuko wa turubai. Aliposimama, muhuri ulikwishagongwa kwenye kibali chake, sehemu inayojazwa na duka. Penye mstari wa mnunuzi palikuwa na jina la Sajini, na chini yake sahihi ya Sajini, ndefu yenye mikia.

“Mbona jina lake?”

Muuzaji akaitazama karatasi, akamtazama Sajini, akavua miwani. “Mazoea, mama. Nisamehe.”

“Na wewe ukasaini?”

“Nimeambiwa saini, nikasaini,” Sajini alisema.

Muuzaji akapiga simu ofisini. Kibali kilichokosewa hakifutwifutwi, wakamjibu. Mama aombe kingine. Muuzaji akamrudishia fedha yake bila kupungua hata senti, akaitundika bunduki ukutani. Mama Futi alitamani kupiga kelele. Hakupiga, ila machozi ya hasira yalimtoka na hakuyaficha.

Huko nje Sajini alijikuna kichwa. “Shemeji, tuombe kwa jina langu. Mimi mwanamume, wiki tatu tu nitakuwa nimepewa. Itakaa kwangu kama sheria inavyotaka, na nguruwe wakija unanipigia simu.”

Alisema kwa moyo safi, na hapo ndipo palipouma, kwa kuwa alikuwa anasema kweli. Wiki tatu, na nusu ya mahindi iliyobaki ingepona. Mama Futi alisimama juani akiiwaza nusu hiyo, mstari kwa mstari.

“Nitaomba tena kwa jina langu,” alisema.

“Miezi saba mingine? Na mahindi?”

“Yaliwe.”