Niliongeza RAM kwenye laptop ya marehemu mzee, ukoo ukaja na mbuzi

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wengine poleni na majukumu. Ninayosimulia hapa yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi. Mashahidi wapo kama arobaini, na wote walikula.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, naishi Kitaji, Musoma. Kwetu ni Butiama, upande wa Mwitongo. Nina ugonjwa mmoja: nikiongea na mama sichanganyi lugha. Humu jukwaani naandika laptop na RAM kama ninyi, ila kwa mama natoa Kiswahili cha darasani. Shikeni hilo, ndilo lililoniponza.

Marehemu mzee aliacha laptop. Used, ya bei ya kawaida kabisa, RAM 2GB. Ulikuwa unaiwasha, unaenda kuchota maji, unarudi bado inazungusha kile kiduara.

Alipostaafu alikuwa anajirekodi humo. Habari za ukoo, za ng'ombe, za mvua, chochote. Alipofariki, miaka miwili sasa, nayo ikagoma. Hard disk ikawa inalia ka-ka-ka halafu kimya.

Mama hana haja na laptop. Haja yake ni sauti.

"Nilikuwaga namwambia aache kuongea na hiyo kitu," aliniambia siku moja. "Saa hizi natamani nimsikie hata akinifokea."

Wakuu, iliniuma. Nikaapa kuifufua.

Kuipeleka kwa fundi mama alikataa, haitoki nyumbani. Basi nikafungua palepale kale kafuniko kadogo ka chini tu, nikaangalia inatumia RAM ya aina gani. Musoma nikanunua RAM 8GB, SSD ya kushika nafasi ya hard disk, bisibisi ndogo, na ile kebo ya kuunganishia hard disk ya zamani kwenye USB. Nikaangalia video za mafundi wiki nzima mpaka nikajiona fundi.

Kisha nikampigia mama. Someni haya mazungumzo taratibu.

"Mama, nimegundua tatizo. Kumbukumbu ya baba ilikuwa ndogo mno."

"Hata mie niliona, mwanangu. Nilikuwa naogopa kusema."

"Jumamosi nakuja kuiongeza. Safari hii iwe kubwa."

"Mungu akubariki, Wambura."

"Ile ya mwanzo haifai, mama. Inatia aibu."

"Ile ilikuwaga ya haraka haraka," akasema, na nikasikia analia.

Nilikata simu nikiwa nimeguswa. Nikajiuliza tu, mama ameanza lini kuelewa mambo ya RAM?

Kwa wageni wa haya mambo: kwetu kumbukumbu ya marehemu ni sala, ndugu na chakula. Ya mzee tulifanya siku ya mvua, chai na maandazi, nusu ya ukoo haikufika. Mama alikuwa na hilo donge moyoni na mimi sikujua.

Jumamosi nafika nyumbani, nakuta turubai uwanjani, masufuria jikoni, na akina mama wanamenya ndizi.

Nikajua kuna msiba.

Shangazi yangu wa Bunda akanijia na ndoo ya furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani. "Mwenye shughuli ndo anafika saa hizi?"

Baba mdogo, anayekaa Buhemba, alikuwa anafunga mbuzi kwenye mti. Katekista ameshavaa kanzu yake nyeupe. Mama ametoka na kitenge kipya, akanishika mikono yote miwili.

"Ukoo wote umesikia unaongeza kumbukumbu ya baba yako. Leo umenivika nguo, mwanangu."

Mimi begani nina kibegi, na ndani ya kibegi kuna RAM isiyofika urefu wa kidole.

Ningemwambiaje? Mbele ya ndugu waliotoka Bunda na Buhemba? Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Na bora hata sikusema RAM, maana mwenye Kiingereza chake angeleta kondoo dume.

Nikamvuta katekista pembeni nikamweleza ukweli. Akageukia ukutani, mabega yakawa yanatikisika. Alipogeuka, machozi yanamtoka.

"Mwalimu, sisi tutasali. Hiyo ingine utaongeza mwenyewe."

Sala ikaisha. Katekista akatangaza kwa sauti kubwa, "Sasa Wambura ataongeza kumbukumbu ya mzee." Watu wakapiga makofi.

Nikaweka laptop mezani, macho yote kwangu. Baba mdogo akanimulikia kwa tochi ya simu, mchana kweupe.

Kufungua mfuniko mzima, feni imeziba unga wa kahawia. Nikapuliza.

Wakuu, ulikuwa ugoro. Mzee alikuwa akinusa huku anajirekodi. Katekista aliyekuwa ameinama pale karibu alipiga chafya saba. Baba mdogo akagusa ule unga kwa kidole, akanusa, akakaa kitini.

"Huu ni wa kaka," akasema. "Hakununuaga mwingine."

Nikafunga RAM na SSD. Nikawasha. Skrini nyeusi, inalia bip, bip, bip.

"Imekataa?" mama akauliza. Nikachomoa RAM, nikasugua miguu yake kwa ufutio wa penseli kama video ilivyosema, nikarudisha mpaka ikalia kak. Ikawaka.

Windows ikaanza kuingia kwa flash niliyokuja nayo, watu wakala. Mbuzi wa watu alikuwa mtamu, sitasema uongo.

Baada ya chakula nikaunganisha hard disk ya zamani. Ka-ka-ka. Mama akashika rozari. Folda moja ikaonekana, imeandikwa SAUTI. Nikaikopi. Asilimia tisini ikakwama, nikawa naiomba kimoyomoyo. Ikamaliza. Dakika chache baadaye ile hard disk ikalia mara moja, haikurudi tena mpaka leo.

Nikabonyeza faili la kwanza. Ugoro ukavutwa, chafya, halafu sauti ya mzee ikajaza uwanja.

"Haloo. Haloo. Hii kitu inashika? Mama Wambura! Miwani yangu umeweka wapi?"

Mama, na sahani mkononi, akajibu bila hata kufikiri: "Si iko kichwani kwako!"

Kimya kidogo kwenye laptop.

"Aaa. Kumbe iko kichwani."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mama alicheka mpaka akakaa chini, na kicheko kikageuka kilio, kisha kikarudi kuwa kicheko. Akajifuta kwa kitenge.

"Rudisha nyuma," akaniambia. "Nimjibu tena."

Tulimrudisha mzee mara kumi na moja ile siku, na mara zote mama alimjibu.

Wakuu, nilichojifunza: hard disk ikianza kulia usisubiri, kopi vitu vyako mapema. Na ukiongea na mama yako, taja laptop, usiache "ya baba" ikining'inia. Hadi leo hajui kwamba nilimaanisha RAM, si shughuli, na mkimwambia tutagombana.

Sasa wajuzi nishaurini. Betri ya laptop imekufa, na mama anataka awe anaibeba mpaka shambani. Kwenye simu nimwambieje kwamba nakuja kubadilisha betri ya baba, asije akamwita tena katekista?