Darubini Kwenye Uzio wa Mama Peace

Lenard Nyagawa, fundi seremala wa Mjimwema, Njombe, hakuwa mtu wa kesi. Milango aliyotengeneza ilifunga bila kupigwa teke, na kanisani aliimba besi safu ya nyuma, mahali ambapo mtu husikika bila kuonekana.

Novemba iliyopita alikwenda Makambako kununua bawaba. Akapita mtaa wa Lyamkena kwa Kasimiri, muuzaji wa vyombo vilivyotumika kutoka ng'ambo, akaona darubini ya macho mawili imening'inia katikati ya pasi na redio.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kuangalia tembo," alisema Kasimiri.

"Makambako kuna tembo?"

"Ndiyo maana haijapata mtu."

Lenard aliinunua. Jioni ile, alipotoka kufunga banda la kuku nayo shingoni, Kilimia kilikuwa kimekwisha chomoza. Alikijua tangu utoto. Marehemu baba yake alikuwa akikitazama kabla ya kutoa mbegu za mahindi ghalani. Nyota zake zilikuwa sita, au saba kama macho hayakuchoka. Lenard akaweka darubini machoni, na papo hapo akaishusha, akafuta vioo kwa pindo la shati. Aliangalia tena. Haukuwa uchafu. Zilikuwa nyota, zimejazana kama chumvi iliyomwagika.

Tatizo lilikuwa mikono. Kila alipopumua, nyota ziliruka. Fundi anajua kwamba kitu kinachotikisika kinahitaji egemeo, na egemeo zuri kuliko yote uwanjani kwake lilikuwa nguzo ya uzio upande wa mashariki, iliyofika kifuani hasa. Akawa anaweka viwiko pale kila jioni yenye anga safi. Aliona milima ya mwezini. Aliona nyota moja ikiwa mbili. Kitu ambacho hakukiona, kwa kuwa macho yake yalikuwa juu daima, ni kwamba ng'ambo ya nguzo ile palikuwa na bafu la jirani yake Mama Peace, bafu la mabanzi lisilo na paa.

Mwezi Juni Kasimiri akampigia simu. "Fundi, nimepata bomba refu, jeupe, lina kioo kwa chini. Watu wanasema ni la kupimia barabara. Mimi nikakufikiria wewe."

Lilikuwa darubini kamili, ila halikuwa na miguu. Lenard alilitengenezea kiti cha mbao ya paini, kizito, kinachozunguka taratibu bila kulia. Usiku wa kwanza alitafuta kinyota kimoja cha manjano kisichometameta, akakipata, akabaki ameinama mpaka kiuno kikauma. Akamwita mkewe. Idda alitoka jikoni na unga mikononi, akafumba jicho moja, akatazama.

"Nani kakivisha pete?" aliuliza.

"Ndivyo kilivyo. Kinaitwa Zohali."

Kesi ilikuja Agosti. Mama Peace, anayeuza viazi sokoni, alichelewa kurudi, akaenda kuoga kiza kimeshaingia. Alipoinua uso kujimwagia maji, aliona juu ya nguzo vioo viwili vinang'aa na kichwa cha mtu nyuma yake. Yowe lake lilisikika mpaka barabarani.

Asubuhi wote wawili walikuwa sebuleni kwa Mzee Nathanieli, balozi wa nyumba kumi.

"Kamwene, Mzee."

"Kamwene. Kaeni."

Mama Peace hakukaa. "Mzee, mwanamume mzima, mwimbaji wa kanisa, anasimama kwenye uzio na madude machoni!"

"Nilikuwa naangalia nyota, Mama Peace. Hata moja ina pete, nimeiona kwa bomba."

"Nyota gani ziko bafuni kwangu?"

Mke wa balozi alitoka nje haraka, wakamsikia akicheka huko alikokwenda. Balozi alikohoa.

"Lenard, mimi nakujua. Ila kukujua kwangu hakutoshi. Watu wanakuona unasimama gizani jioni zote. Wapo wanaosema unachungulia nyumba za watu, na wapo wanaosema mabaya kuliko hayo. Sasa Jumamosi jioni tutakuja kwako. Utuonyeshe hicho unachosema kina pete. Tukikiona, tutazungumza. Tusipokiona, vyombo vyako vyote viwili virudi Makambako, na maneno yaishe."

Lenard alisema ndiyo, kwa sababu mzee haambiwi hapana. Lakini njiani alitembea polepole. Aliwaza uwanja wake bila darubini, akaziona jioni zake za zamani: kula, taarifa ya habari, kulala. Miaka ishirini aliishi hivyo bila kulalamika. Sasa hakujua angezirudiaje.

Jumamosi anga lilikuwa safi na baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Idda alifanya kama inavyofanywa katika kila nyumba ya Njombe mgeni anapokuja Agosti: alikoleza majiko mawili ya mkaa, akaweka viazi pembeni na birika juu, akapanga vigoda kuzunguka moto. Na kwa kuwa wageni walikuja kuona darubini, majiko aliyaweka hapo hapo, chini ya mdomo wa bomba. Mzee Nathanieli alipewa kigoda cha karibu kabisa, kwa ajili ya magoti yake.

Lenard alielekeza bomba, akainama kutazama. Badala ya kinyota kilichovaa pete, kulikuwa na doa la manjano linalocheza, linavimba na kunywea, kama kitu kinachochemka.

Balozi akatazama. "Mimi naona kiini cha yai," alisema kwa upole.

"Ngoja nirekebishe kidogo, Mzee."

Alizungusha kirungu cha kurekebishia huku, akakizungusha kule. Akafuta kioo cha jicho. Yai likabaki yai.

"Si niliwaambia?" alisema Mama Peace. "Pete ni ya kwangu bafuni, niliiweka kwenye sabuni."

Wageni waliangua kicheko. Lenard alipiga goti kukaza skrubu ya kiti, si kwa sababu ilikuwa imelegea bali apate pa kuficha uso. Kutoka pale chini alimtazama Mama Peace ng'ambo ya jiko, na akaona kidevu chake kinacheza. Pua nayo ilicheza. Akainua macho polepole kufuata joto la mkaa lilikopanda, na lilipanda moja kwa moja mbele ya mdomo wa bomba.

Alijua la kufanya, lakini akasita kwanza. Kumwondolea mgeni moto mwezi wa Agosti ni kumwambia aende kwake. Kuuondoa miguuni kwa mzee ni zaidi ya hapo. Alimtazama Idda, na Idda hakuelewa.

"Mzee," alisema hatimaye, "naomba niuondoe moto."

"Ameshindwa, sasa anatufukuza," alisema Mama Peace.

"Siwafukuzi, dada yangu. Ni joto. Linapanda mbele ya bomba, nyota inatikisika. Nilipokuwa peke yangu sikuwa na jiko, ndiyo maana niliona. Tukivumilia baridi kidogo, mtaona na ninyi."

"Baridi kidogo," balozi alirudia, akitazama magoti yake. Kisha akafunga vifungo vya koti mpaka shingoni. "Idda, mama, leta mablanketi."

Idda alileta yote, hata la kitandani kwao. Majiko yakahamia nyuma ya banda la kupikia pamoja na viazi, na watu wakabaki wamejikunyata wakingoja bomba lipoe. Walitaniana. Mmoja aliuliza kama nyota nayo inangoja.

Lenard aliinama tena, akatazama. Alisogea tu, akampisha balozi.

Mzee Nathanieli alikaa pale muda mrefu. Alipoinuka, alivua kofia yake, akaikunja, akasahau kuivaa. "Ipo," alisema.

Mama Peace alikuja wa mwisho. Alibana pumzi.

"Kadogo," alisema baadaye, na sauti ilikuwa nyingine. "Na pete yake kabisa. Mbona kamelala upande?"

"Bomba hili linapindua kila kitu. Kichwa chini, miguu juu."

"Kila kitu? Kwa hiyo hata mimi ungeniona nimesimama kwa kichwa?"

"Kwa kichwa."

"Basi na bomba sina kesi. Kesi yangu ni ile ya macho mawili."

Balozi alitoa uamuzi kabla viazi havijarudi. Bomba libaki. Ile ya macho mawili itumike katikati ya uwanja, juu ya mkeka, mtumiaji akiwa amelala chali, kwa sababu mtu aliyelala chali hawezi kuona bafu la mtu. Lenard alikubali, ingawa moyoni aliisikitikia nguzo yake.

Jioni iliyofuata alitandika mkeka, akajifunika blanketi, akaweka darubini machoni. Viwiko vilitulia kifuani. Nyota hazikuruka. Alianza kwenye mkia wa Nge, akapanda polepole kando ya ule ukanda mweupe wa nyota, akajilaumu kwa miezi yote aliyosimama bure.

"Fundi!" sauti ilitoka ng'ambo ya uzio. "Umelala?"

"Nimelala."

"Chali?"

"Chali, Mama Peace."

"Haya."

Maji yakaanza kumwagika, na Lenard akaendelea kupanda na ukanda wake.