Tobaa ya Salesio

Mzee Salesio Riungu wa Kanyakine alikuwa na nyumba mbili: moja ya mawe, ambayo hakuna aliyeizungumzia, na moja ya magurudumu manne, iliyozungumziwa hata na wasioijua. Hiyo ya pili ilikuwa gari lenye kitanda, stovu, sinki na choo. Wazungu wa mradi wa maji walimuuzia walipofunga virago, naye, dereva mstaafu wa serikali, akaapa kumpeleka mkewe Karwirwa kwa dada yake aliyeolewa Kianjokoma, walale mlangoni pa watu bila kuomba blanketi.

Miezi minne ikapita, hawajafika hata Chuka. Kisa ni chuma kilichochomoza nyuma ya gari, kichwa chake mviringo kama kiazi. Ndiyo tobaa, ya kuvutia trela. Jumamosi moja ilivuta tangi la maji la kanisa. Nyingine, trela la viti vya harusi. Nyingine, gari la bwana harusi mwenyewe, amekaa ndani anapunga mkono kana kwamba ndivyo ilivyopangwa.

"Baba Kiende," Karwirwa akasema, "ama hiyo kitu itoke, ama mimi nipande basi niende peke yangu."

Fundi Mwongera akaitwa. Akajilaza chini ya gari, akagongagonga.

"Mzee, tutoe tobaa?"

"Toba tunatoa kanisani," Karwirwa akamkata. "Hapo toa chuma."

Salesio akakuna kichwa. Kuitoa ni bolti nne tu. Lakini je, siku moja akipata katrela kake mwenyewe? Tena lilikuwapo swali lililomwasha kuliko hilo. Miaka thelathini aliendesha wakubwa, hakuna aliyemwita mheshimiwa. Siku hizi anaitwa hivyo mpaka na mwenyekiti wa kwaya. Sasa, mheshimiwa ni yeye au ni kiazi cha chuma?

"Toa," akasema. "Wiki moja. Ni utafiti."

Jumatatu hakuja mtu. Jumanne alikuja mbuzi wa jirani. Alhamisi Salesio alifagia njia ya langoni, isije ikawa ndiyo iliyozuia watu. Ijumaa akatokea Kithinji, yule mwenyekiti wa kwaya, na tabasamu la kuchangisha.

"Muga, mheshimiwa! Umepotea!" Huku analizunguka gari polepole, kama mtu anayetafuta mlango. Akainama nyuma. Mashimo manne matupu yakamkodolea macho.

"Kwani iko wapi?"

"Nini?"

"Si... afya yako."

"Afya iko huku mbele. Ingia unywe chai."

"Ah, nilikuwa napita tu."

Akaenda. Mtu wa Imenti, mwimba tenzi, ameacha chai ya maziwa ikitoa mvuke! Karwirwa, kikombe mkononi, alimtazama mumewe usoni, akainywa mwenyewe ile chai ya mgeni. Afadhali angecheka.

Jumamosi alfajiri Mwongera akaja na spana.

"Haya mzee, tobaa ibaki ama irudi?"

"Irudi. Lakini ifunge mbele."

"Mbele haitavuta mtu!"

"Najua. Sasa wao ndio watanivuta mimi."

"Lakini mbele hakuna mashimo."

"Toboa."

Honi ikalia mpaka kuku wakaruka. Karwirwa alikuwa ameshapanda, sufuria ya mukimo mapajani, mkono mmoja kwenye usukani.

"Mtatoboa tukirudi!"

Salesio akacheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo, akaruka ndani. Chuma wakakiacha kwenye nyasi miguuni pa Mwongera, na mji wa Nkubu wakaupita bila kuvuta mtu.