Alama Niliyokataa Kuigeuza

Nichekeni tu, mimi kicheko kimegoma. Tangu mwalimu Mbelgiji aondoke Masisi, mimi njo nafundisha hesabu. Wiki iliyopita niliandika ubaoni −2x + 3 > 11. Nikaondoa tatu, nikagawanya kwa −2, nikapata x > −4.

Bahati, mwanafunzi kutoka Walikale, akasimama. "Mwalimu, ukigawanya na negatif, alama inageuka."

Nikamwita mjuaji. Nikamfukuza, asirudi bila baba yake.

Leo baba amefika naye, matope hadi magotini, jogoo kwapani. "Mwalimu, umusamehe mutoto."

Nikatanua kifua. Nilitaka aone kosa la mwanawe mbele ya darasa zima. Nikachora mstari wa namba, nikapaka chaki upande wote wa kuume wa −4.

"Zero iko ndani ya chaki. Tuiweke pahali pa x." −2x ikawa zero, ikabaki tatu upande wa kushoto; nikaandika ubaoni. " Musome!"

Darasa likaimba, kama nilivyolizoesha: "Tatu iko mukubwa kupita kumi na moja!"

Bahati akaangalia chini.

Baba yake, ambaye hajui kusoma, akauliza polepole: "Tatu, mwalimu?"

Nikaiangalia alama yangu ubaoni. Basi akanyoosha mikono yote miwili, akanipa jogoo wa kuomba msamaha.