Askari wa Mbao Mlangoni

Je, angetoka kama nisingemwambia kwamba duka lake sasa haliogopi maji? Swali hilo limeninyima usingizi tangu nilipopata habari kwamba mama mshonaji wa Shauri Moyo, aliyewashonea watoto wa wengi wenu sare za shule, amefariki katika mafuriko ya juma lililopita.

Nilimfahamu kupitia kazi. Tangu nitoke chuo kikuu nimekuwa nikiwazungukia wenye maduka madogo kando ya mto nikiwaonyesha namna ya kuzuia maji: vitambaa vikae rafu ya juu, mlangoni pachomekwe ubao mzito, nyufa zizibwe kwa udongo. Wengi walinicheka. Yeye alimwita seremala siku hiyo hiyo. "Huyu ni askari wangu," aliwaambia wateja akiupigapiga ubao. "Halali, na haombi chai kama wale askari wa jiji, kanjo." Mvua kubwa ya kwanza ilipita, cherehani ikabaki kavu, nami nikamwambia kwa fahari, "Mama, sasa lala usingizi."

Safari hii mto ulifurika mchana. Jirani yake, mchonga vinyago, alinisimulia matangani jinsi alivyomwita dirishani: "Mama, toka! Maji yanakuja!" Naye akajibu huku akikanyaga cherehani, "Wewe tangulia, jirani. Askari yuko kazini." Ubao haukuvunjika. Maji yaliupita kwa juu, kisha ukuta wa nyuma ukamwangukia. Siku hizi nikisikia cherehani popote, hata huku Buruburu ninakoishi, husimama kusubiri inyamaze. Sisi tunaowasaidia wafanyabiashara wadogo hufurahia mali iliyookolewa, tukasahau kwamba mtu ambaye riziki yake yote ni mashine moja hutafuta sababu ya kubaki nayo. Ubao ule ulikuwa sababu.

Jana nilinunua rangi nyekundu. Sikung'oa ubao wowote, maana bado unafaa. Nilipita duka kwa duka nikichora mstari kwenye mwimo wa mlango, kimo cha goti, nikimwambia kila mwenye duka: maji yakigusa hapa, acha kila kitu, toka. Kwa marehemu, mwimo ulikuwa ungali umesimama. Binti yake alikuwa akiisugua cherehani matope. Amesema ataendelea na kazi hapo hapo. Alinitazama nikichora, kisha akaweka kitambaa chini.

"Shusha, kaka."

"Mbona? Wengine wote ni hapa."

"Shusha tu. Mimi ni mbishi kama mama."

Nikaufuta, nikauchora upya, kimo cha kifundo cha mguu.