Asubui Mama Yako Alikatala Maziba

Iko asubui moja yenye siwezi kusahau, mutoto wangu, na leo nitakuelezea yote, hata penye miye nilikuwa mubaya. Najua utasema: shangazi naye, ana miaka ishirini na munane, anaanza kutoa mashauri sawa bakoko. Ni kweli, sina nywele nyeupe hata moja. Lakini Koko, mama ya baba yangu, hayuko tena, na kwetu kazi ya kuambia mutoto mwanamuke mambo ya mwili ni ya shangazi. Basi ni miye. Na sitazunguka, unanijua, kuzunguka kunanichokesha.

Yenye inanisukuma kuandika ni hii. Juma yenye imepita, hapa Baraka, baba yako alikuwa na bageni ba kanisa. Walipokuletea kikombe ya maziba ulikatala, na mugeni mumoja akacheka chini-chini: "Eeh, Ruben, binti yako ameshakuwa mukubwa." Niliona uso wako. Kesho yake hukuenda ku masomo. Hukuenda siku ine.

Sasa sikiliza. Wakati ule tulikuwa tungali tunaishi kule juu, Bibokoboko. Mi nilikuwa na miaka kumi na ine. Mama yako, Mapendo, alikuwa bibi mupya, baba yako alikuwa amemuoa na kumuleta kwetu haijapita miezi mine. Alikuwa anachekaka kwa sauti kubwa, kitu yenye bibi mupya hafanyake. Mi nilimupenda tangu siku ya kwanza. Alinisuka nywele, akaniuliza nataka kuwa nani. Hakuna muntu alikuwa amekwisha kuniuliza.

Unajua vile banasemaka kwetu: mwanamuke mwenye iko mu siku zake asikunywe maziba, asiingie mu lupango, boma ya ngombe, ngombe itakauka ao itatoa damu. Na hakuna mwenye anakuuliza. Asubui banapitisha nkongoro, ile chombo ya muti ya maziba, kila muntu anakunywa. Ukiikatala, umeshatangaza. Baba anajua, bandugu banajua, jirani mwenye amepita kuomba moto anajua. Tumbo yako inageuka habari ya nyumba muzima.

Ile juma, siku zangu zilikuja. Ilikuwa mara ya tatu tu mu maisha yangu. Mara ya pili nilikuwa nimekatala nkongoro, na kaka yangu Samweli, mwenye alikuwa na kinywa mubaya, aliniita "Mama Mwezi" mupaka nikaenda kulia mu mashamba. Basi mara hii nilikunywa. Nilikunywa sawa muntu mwenye anaiba. Siku ya kwanza, siku ya pili. Siku ya tatu nkongoro ilipotoka kwangu ikafika kwa mama yako, akaisukuma polepole. "Leo hapana," akasema. Hakuna mwenye aliuliza. Wote balifikiri bameelewa.

Asubui yenye ilifuata, Bihogo, ngombe yenye baba yangu alipenda kupita zote, ikatoa damu mu maziba. Ruben mwenyewe njo alikuwa anakamua. Alileta chombo mbele ya nyumba, na chini ya povu kulikuwa nyekundu.

"Nani ameingia mu lupango?" baba yangu akauliza.

"Papa, unauliza tena?" Samweli akasema. "Si jana alikatala mbele yetu siye wote?"

"Sikuingia," mama yako akasema.

"Ulipita pale ukienda kuteka maji."

"Kupita si kuingia."

"Eh, basi enda umuelezee Bihogo."

Mutoto wangu, mi nilikuwa nimesimama ku mulango, kitambaa katikati ya miguu, maziba ya Bihogo mu tumbo yangu. Niliamini kabisa kama ni miye nimeharibu ile ngombe. Na nikanyamaza.

Siku mbili mama yako alikula inje, ku sahani yake peke yake. Hakuna mwenye alimupiga, hapana. Bantu balikuwa bananyamaza tu akipita, na yeye akaacha kucheka. Halafu baba yangu akasema Ruben amurudishe kwao mupaka bazee bakae bazungumuze. Mama yangu angeweza kusema neno, lakini alikuwa ameteremuka ku soko huku Baraka. Na unajua bibi mwenye anarudishwa sababu ya ngombe: jina yake inafika mu kila kijiji mbele yake, na hata akirudi, harudi muntu ule ule. Ruben nilimuona analia nyuma ya nyumba. Mbele ya baba alisema, "Ndiyo, papa." Usimukasirikie baba yako. Ao mukasirikie kidogo tu.

Mama yako akaanza kufunga bitu yake mu kitenge. Na miye, nisikudanganye, nilimusaidia kukunja nguo. Nilikunja vizuri, moja juu ya nyingine, na sikusema neno.

Nikatoka pale nikaingia jikoni. Koko alikuwa amekaa chini, anasukasuka kisabo, ile kibuyu kubwa ya kutoa siagi. Hakuniangalia.

"Kitambaa yako uliisahau ku kamba nyuma ya nyumba," akasema. "Nimeiondoa."

Nikaanguka karibu yake. "Koko, ni miye nimeharibu Bihogo!"

"Weye? Weye mwenye hata kuku inakukimbiza?" Akaendelea kusukasuka. "Babu yako alipovunjika muguu, unafikiri nani alikamua hizi ngombe? Batoto balikuwa badogo, bandugu zake balikuwa ku safari. Nilikamua miye. Miezi tano, mulango umefungwa, jirani basione. Siku zangu hazikusubiri babu yako apone. Na maziba nilikunywa, batoto bakakunywa, babu yako akakunywa akaomba ingine. Hakuna ngombe ilikohoa."

"Juu ya nini hukusema?"

Kisabo ikasimama.

"Niliogopa. Banaume njo bakamuaji, mwanamuke akikamua ni mukosi. Nilijiambia: imepita, imepita. Sasa ule mutoto wa bantu anafunga bitu yake. Uoga yangu na uoga yako, yeye njo anabeba." Hapo akaniangalia. "Damu si haya, mujukuu wangu. Haya ni kuacha mwenzako abebe yako na weye unamukunjia nguo."

Sikungoja amalize. Nilikimbia. Mbele ya nyumba baba alikuwa na bazee babili, Ruben ameshabeba muzigo ya bibi yake ku bega. Nikasema yote kwa pumzi moja: "Ni miye niko mu siku. Nimekunywa maziba kila asubui mbele yenu. Mapendo hakufanya kitu."

Baba akaangalia chini. Nilitaka udongo unimeze, lakini nilibakia nimesimama.

Koko akafika nyuma yangu, polepole na fimbo yake, akasema na ya kwake, ile miezi tano yote, mbele ya mutoto wake mwenyewe. "Sasa mutarudisha nani?" akauliza. "Hii kasichana? Ao miye? Miye, kwetu hakuna tena mwenye anabakia wa kunipokea, mutanirudisha ku makaburi."

Muzee mumoja akacheka, akageuza ile kicheko kuwa kukohoa. Koko akageukia mama yako. "Na weye, maziba ulikatala juu ya nini?"

Mama yako akainamisha kichwa. "Yananitapisha, Koko. Juma mbili sasa. Hata harufu tu. Niliona haya kusema mambo ya mwili yangu mbele ya banaume."

Koko akapiga fimbo chini. "Eeeh! Banaume ba hii nyumba! Munatafuta damu kwa mwanamuke mwenye mimba!"

Ile mimba ilikuwa weye.

Ruben akaweka muzigo chini. Baba yangu akaenda mu lupango, akachuchumaa chini ya Bihogo, akaona ziwa moja imevimba na alama ya meno. Mwana-ngombe alikuwa ameanza kuota meno, ni hayo tu. Bakaiosha na maji ya moto, na kisha siku chache maziba ikawa meupe. Mi niliendelea kunywa, beko bananiangalia. Baba hakuomba musamaha, bazee ba wakati ule balikuwa habajue namna. Alituma tu Samweli akamupikie mama yako uji. Samweli! Ilikuwa na mabonge kama mawe. Mama yako aliimaliza yote.

Miye nilimuomba musamaha jioni ile. Akanishika mukono, akasema, "Vile ulikunja nguo zangu vizuri, nilifikiri unafurahi niende." Amenisamehe kitambo. Ile neno ingali inaniuma.

Basi yenye nataka ubakie nayo, mutoto wangu. Ukiwa na njaa ya maziba, kunywa. Usipotaka, katala, na usimupe mugeni yeyote sababu. Mwili yako si gazeti ya kusomwa ku meza. Juma ijayo urudie masomo, na kila mwezi uende, bitambaa mu sakoshi yako ya masomo, kichwa juu. Batoto banaume bakicheka, jibu mara moja tu, halafu endelea na hesabu zako. Badogo zako banaume bafundishwe kuosha sahani na kufunga kinywa, na nitawaambia miye mwenyewe. Na baba yako nitazungumuza naye, yeye anajua hii habari kunipita. Lakini hii njo kubwa: siku utaona banamusonta kidole musichana mwingine, usingoje koko wa kukusukuma. Sema ungali unatetemeka. Mi nilichelewa siku mbili, na siku mbili ni mingi kwa muntu mwenye anakula peke yake inje.

Mungu akubariki, mutoto wa kaka yangu. Njia yako ya kuenda na ya kurudi ikuwe salama. Siku zako zikuje na kupita kwa amani, bila kukuiba hata somo moja. Na nyumba yoyote utaingia mu maisha yako, ikupokee ndani, ku meza, siku zote za mwezi.