Siku Mjukuu Wangu Aliponipigia Magoti

Juzi kaja msichana mmoja wa chuo hapa kwangu Katindiuka, ana daftari na peni tatu, anasema anasomea habari za watu na mila zao. Nikampa kigoda, nikampa na muhogo wa kuchemsha. Akaniuliza, "Bibi, mtu anakuwaje yeye? Mila ndiyo inamfanya awe vile alivyo?" Nikacheka mpaka kanga ikanidondoka. Nikamwambia, mjukuu wangu, hilo swali limenisumbua karibu mwaka mzima, na siku nilipopata jibu nilikuwa nimepiga magoti kwenye uwanja wa watu, nashindwa kuinuka. Weka peni chini kwanza, usikilize.

Nina mjukuu wa kike niliyemlea mwenyewe, mama yake alimwacha mdogo sana. Kakulia dunguni. Dungu ni kile kibanda chetu cha juu ya miti, katikati ya mpunga. Mpunga ukianza kubeba tunahamia huko, tunakaa hadi tumalize kuvuna, na kazi ni kufukuza ndege. Wengine wanapiga makopo. Mimi nawasuta, kama mtu anavyomsuta jirani. "Nyie watoto wa watu! Mama yenu hakupika? Rudini kwenu mkamuulize!" Hivyo ndivyo mama yangu alivyowasuta, na mjukuu wangu naye kawasuta hivyo hivyo tangu hajajua kufunga kanga. Sauti yake ilikuwa inafika mtoni.

Basi akaolewa. Kaolewa na kijana wa Kisukuma, hawa watu wa ng'ombe waliohamia huku bondeni, wanakaa mbele ya Mlimba huko. Kijana mwenyewe sina neno naye, mchapakazi, ana adabu. Lakini mimi na ng'ombe! Waliwahi kuingia kwenye mpunga wangu mwaka mmoja, sitaki hata kukumbuka.

Mwaka ukapita hajaja. Siku aliyokuja nilikuwa uani napara samaki, perege. Kaingia, katua mzigo, mara paa! Magoti chini, pale pale mbele yangu, macho kayaelekeza ardhini. "Shikamoo bibi."

Kisu kikanitoka mkononi. Maana nyumbani kwetu, magoti ni ya mkosaji. Mimi utotoni nilipiga mara moja tu, siku nilipovunja chungu cha mama chenye mboga ya wageni. Mjukuu wangu anaijua hiyo habari, nimemsimulia mara mia.

"Marahaba. Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, bibi."

"Umefukuzwa?"

"Bibi jamani, nakusalimia tu!"

"Salamu gani hiyo ya kwenye vumbi? Hebu inuka."

Kakaa siku nne. Akinipa maji, magoti. Akinipa sahani, magoti. Na kuongea kwenyewe sasa anaongea taratibu, kama yuko kanisani. Nikimuuliza wakwe zako wakoje, anasema wazuri. Sasa jirani yangu wa hapa nyuma, yule ulimi hauna mfupa, akachungulia juu ya ua akamwona. "Mwenzangu," akaniambia, "mjukuu wako ulimpeleka kwa ng'ombe, karudi ndama."

Nikacheka kwa meno tu. Ndani nilikuwa naungua. Alipoondoka nikalala na wazo moja, nikaamka nalo: wamemvunja mtoto wangu. Yule aliyekuwa anawasuta ndege wa watu hayupo. Huyu aliyekuja ana sura yake, lakini ni wa kwao, si wangu tena.

Nikavumilia, nikavumilia, mpaka mpunga ukaanza kuinamisha vichwa. Nikashindwa. Dungu nikamwachia mwanangu. Nikafunga mchele na samaki wakavu, nikapanda treni mpaka Mlimba, nikalala kwa ndugu yangu, asubuhi nikachukua bodaboda. Njia nzima napanga maneno yangu. Nikikuta wanamnyanyasa nambeba, hata kama ni kwa mgongo huu.

Nafika uwanjani kwao, anatoka mama mkwe wake. Mama mtu mzima kama mimi, mrefu, mvi kichwa kizima. Kuniona tu, chini! Magoti! "Mwangaluka, mayu," akasema, ndiyo kuamkia asubuhi kwao, na mayu ni mama.

Wee! Mkwe mzima ananipigia magoti? Basi ana kosa kubwa. Mjukuu wangu kafa! Nikajikuta na mimi niko chini, magoti kwa magoti naye. Yeye kuona hivyo akadhani nazidisha heshima, akainama zaidi. Na mimi nikainama.

"Mjukuu wangu yuko wapi?"

"Yupo, mayu. Kaenda kisimani."

"Mzima?"

"Mzima kabisa!"

"Sasa kosa lenu ni nini?"

"Kosa gani?"

"Si umepiga magoti!"

"Nakuamkia wewe, mgeni wangu!" Akaniangalia. "Kwani wewe umepiga ya nini?"

Nikataka kuinuka, goti la kulia likakataa.

"Mkwe," nikamwambia, "wewe unaweza kuinuka?"

"Mimi? Siwezi. Nikishuka hivi huwa naita mtu."

Tukaanza kucheka pale chini, vikongwe wawili, mbuzi wanatuzunguka. Ndipo mjukuu wangu akatokea na ndoo kichwani. Akasimama, akatutazama, akapaza sauti, "Haya, nani kavunja chungu?"

Jamani. Ni yeye! Ulimi ule ule niliomlea nao. Akatua ndoo, akatuinua mmoja mmoja kama magunia.

Tukakaa kivulini. Akanimiminia maziwa mgando, akanipa kwa magoti, na safari hii nikapokea bila kumgombeza, maana nimeshaona hata mkubwa wa mji ule anapiga. Nikanywa. Matamu bwana! Nikaomba bakuli la pili.

Mkwe wangu akakunja uso. "Mkwe, sasa nikueleze. Huyu mtoto wako kaniharibia nyumba."

Nikashusha bakuli. Kabla sijauliza, nikasikia kutoka shambani, sauti imepanda: "Nyie watoto wa watu! Mama yenu hakupika? Rudini kwenu mkamuulize!"

Nikageuka kumtazama mjukuu wangu. Yuko hapo hapo kwenye magoti, kafumba mdomo, mabega yanatingishika kwa kicheko.

"Nani huyo?"

"Wifi yangu, bibi."

"Ndiyo hayo ninayokwambia!" mkwe akasema. "Sisi ndege tulikuwa tunawapiga kwa kombeo, basi. Siku hizi mabinti zangu wote wanasuta. Ukiwauliza, wanasema bibi ndivyo anavyosema. Bibi gani? Bibi wa Katindiuka! Juzi ndama kaingia jikoni, na mimi mwenyewe nikajikuta namuuliza kama mama yake hakupika."

Nilipumua, nakwambia. Nilipumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Mama yangu kafa siku nyingi, hajawahi kumwona Msukuma, na maneno yake yale yanapigwa kelele na binti wa Kisukuma ng'ambo ya Mlimba. Mtoto wangu wala hawajanivunjia. Kajifunza magoti yao, wao wamejifunza mdomo wangu.

Nikakaa wiki nzima. Nikarudi na kibuyu cha maziwa. Jirani kaja kuuliza habari, nikammiminia, na sijui ilikuwaje, mwili wenyewe tu, nikamkabidhi bakuli goti moja liko chini.

"Yesu wangu!" akasema. "Na wewe umerudi ndama?"

Nikamjibu, "Mooo." Kisha nikamwomba aniinue.